Mwandiko wa Siku ya Alhamisi

Jana Jumapili, baada ya ibada na sahani ya viazi na maharage, nililala kwenye kochi nikiwa bado nimevaa shati la kwaya, na nikaota nimetembelewa na karatasi.

Kabla sijasimulia ndoto, niseme kwanza nililala na nini kichwani. Mimi ni Tasilo Luvanda, tabibu wa kituo cha afya huku kwetu milimani. Watu wananiita Daktari, nami sijawahi kuwasahihisha. Tulipokuwa tunatoka kanisani simu yangu iliita, na aliyepiga ni Afande Sikitu, wa Dawati la Jinsia na Watoto pale polisi.

"Daktari, ni ile fomu ya PF3 uliyomjazia Skolastika Mlelwa," alisema. "Mwendesha mashtaka ameisoma mara tatu hajaambulia kitu. Mimi nimeambulia neno 'mgonjwa', na hilo nalo nimekisia."

"Mwandiko wa madaktari huo, Afande," nikasema, nikicheka.

Yeye hakucheka. "Kesi ni kesho saa tatu. Njoo uisome mbele ya hakimu. Usipokuja, mwendesha mashtaka anasema hana cha kushika, ataiondoa. Na ikiondolewa, yule mama anarudi kwa mume wake. Kwa kaka yake ameshakaa wiki tatu, na wifi amenuna."

"Jumatatu huwa nina wagonjwa wengi," nikamwambia. "Nitaangalia."

Kila mtu huku anajua tabibu akisema "nitaangalia" maana yake nini. Nikakata simu, nikaenda kula, nikalala.

Hodi ikapigwa.

Nafungua mlango. Nje imesimama fomu ya polisi, urefu wake sawa na wangu, imesimama kwa pembe zake mbili za chini. Imevaa sweta kwa sababu ya baridi, na kwenye kona ya juu, pale ilipobanwa pini, imejifunga skafu.

"Kamwene, Daktari," inanisalimu.

"Kamwene. Karibu ndani, ukae."

"Siwezi kukaa. Nikikaa najikunja, na nikijikunja mahakama hainipokei. Nimekuja unisome."

Ikafungua sweta. Nikaangalia. Kifuani kwake palikuwa na mistari saba ya wino wa bluu iliyopindapinda kama njia za siafu. Nikavaa miwani. Nikavua miwani.

"Hapa pameandikwa 'mgonjwa'," nikasema. "Na hapa 'jogoo'."

"Mimi sina jogoo."

"Basi ni 'mfupa'."

"Unabahatisha."

"Nabahatisha," nikakubali.

"Na ni wewe uliyeniandika."

"Ndiyo, ni mimi."

"Kwa mkono upi?"

Nikaonyesha mkono wa kulia. Fomu ikainama, ikaukagua kidole kimoja kimoja, pande zote mbili, kama mimi ninavyowakagua wagonjwa.

"Mbona mzima?" ikauliza.

Hapo sikujibu. Lakini nyinyi nitawajibu, maana mimi sasa niko macho na hakuna pa kujificha. Mwandiko wangu ni mzuri. Shule ya msingi nilikuwa mimi ninayeandika ubaoni mwalimu akiwa hayupo, na chuoni wenzangu walinitania kwamba kwa herufi zile siwezi kufaulu udaktari. Kadi za kliniki za akina mama ninazojaza mimi, hata bibi aliyeishia darasa la pili anazisoma. Fomu ile moja tu, katika miaka kumi na moja ya kazi, ndiyo niliyoiandika vibaya, na niliiandika vibaya kwa makusudi.

Ilikuwa Alhamisi, wiki tatu zilizopita. Skolastika aliingia ameubeba mkono wake wa kushoto kwa mkono wa kulia, fomu ameishika kwa meno. Nilimpiga picha ya eksirei. Mtu akianguka hutanguliza viganja, kwa hiyo huvunjika karibu na kifundo cha mkono. Mfupa wa Skolastika ulikuwa umekatika katikati, upande wa kidole cha mwisho, na hapo hukatika pale mtu anapoinua mkono kukinga kichwa. Hilo tulifundishwa mwaka wa pili, halihitaji mtaalamu kutoka mjini. Nilimuuliza hata hivyo, akanijibu bila kuinua macho: "Mume wangu, Daktari. Kwa mpini wa jembe."

Mume wake ni Fokas Mhema. Fokas anaimba besi ya pili kwenye kwaya yetu. Mimi pia naimba besi ya pili. Tunasimama bega kwa bega na tunatumia daftari moja la nyimbo, yeye anashika, mimi nafunua kurasa. Alhamisi ile alikuwa koridoni, na nilipoinamisha kalamu kwenye fomu akakohoa. Kikohozi cha besi unakijua tu.

Hakunitishia. Hakuniomba kitu. Ningesema aliniogopesha ingekuwa nafuu kwangu. Nilichoogopa ni Jumapili tu, kusimama naye nikifunua kurasa huku anajua nimeandika nini. Kwa hiyo nikaandika ukweli wote, neno kwa neno, halafu nikaukoroga usisomwe na mtu. Nilijiambia sijasema uongo. Nikagonga muhuri, nikamfunga mama wa watu hogo la plasta mkononi, nikaosha mikono. Naona aibu hata kuliandika hili, na leo alfajiri naliandika kwa herufi nzuri.

Turudi ndotoni.

"Twende," fomu inasema, inafunga sweta lake.

Tunatoka mlango wa mbele wa nyumba yangu na kuingia kwenye korido ya mahakama. Mahakama yenyewe ni kanisa letu, madirisha yale yale, ila pale zinapobandikwa namba za nyimbo pamebandikwa namba za kesi. Nakaa kwenye benchi. Kando yangu kuna kitu kifupi, cheupe, kimejikunyata, miguu haifiki chini. Kimevishwa hogo mwili mzima, nalo bado bichi.

"Habari yako," nasema. "Wewe nani?"

"Mvunjiko. Mfupa wa mkono wa kushoto, katikati, upande wa kidole cha mwisho."

"Mbona uko peke yako?"

"Nimefukuzwa," Mvunjiko ukasema. "Tumefika mlangoni na mama, mlinzi ameangalia karatasi. Akasema karatasi hii haina mvunjiko, kwa hiyo mama huyu hana mvunjiko, kwa hiyo mimi nishuke. Nikashuka."

"Pole."

"Ahsante. Wewe mkono wako una mtu?"

Nikaurudisha mkono nyuma ya mgongo. Mvunjiko haukukasirika. Ulikuwa umechoka tu, ukaniegemea, ukalaza kichwa kwenye mkono wa shati langu, nami nikahisi ubaridi wa plasta ukipenya kitambaa.

Nikaona niutulize. "Aliyekuandika nadhani alikuwa na haraka," nikasema.

"Hapana," ukanijibu. "Nilikuwepo. Alichukua muda mrefu kuliko wote."

Karani anatoka masijala akinyata. Anaweka kidole mdomoni.

"Shii. Faili limelala."

Siku zote tunasema faili limelala, lakini sikuwahi kuliona. Nachungulia. Limelala chali kwenye kitanda cha futi tatu na nusu, blanketi limefika shingoni, linakoroma. Chini ya kitanda kuna ndara zake.

"Limelala tangu lini?" namnong'oneza karani.

"Tangu lilipofika. Lilifunguliwa ukurasa wa kwanza, likapiga miayo."

"Si mliamshe?"

"Faili haliamshwi kwa kutikiswa, Daktari. Linaamshwa kwa kusomewa. Tumelisomea hiyo PF3 yako, limegeukia ukutani."

Kabla sijajibu, sauti ikaita: "Jamhuri dhidi ya Fokas Mhema!" Na hapo hapo niko ndani, nimesimama kizimbani. Kwaya yote ipo mbele, imevaa sare. Fokas yuko mahali pake, safu ya nyuma, na kando yake kuna nafasi yangu tupu. Hakimu ni muhuri. Si kwamba anafanana na muhuri, ni muhuri wenyewe, mpini wa mbao juu, mpira chini, amekaa kwenye sahani ya wino wa zambarau. Akitaka kusema neno, anajigonga mezani.

"Isomwe," hakimu akagonga.

Mwendesha mashtaka akaishika fomu mabegani, akaigeuzia kwenye mwanga. "'Mgonjwa alifika kituoni,'" akasoma, "'akiwa na... akiwa na jogoo.'"

"Jogoo yuko mahakamani?"

Karani akaangalia chini ya mabenchi. "Hayupo, mheshimiwa."

"Iandikwe kwamba jogoo ameitwa na hakutokea. Aliyeandika asome mwenyewe."

Nikakohoa. Nikafungua mdomo kusema lile nililolijua: mfupa, katikati, kukinga kichwa, mpini wa jembe. Sauti ikatoka kwa mwandiko ule ule. Nilikuwa naisikia mwenyewe, imepindapinda, haina mwanzo wala mwisho. Watu wakatega masikio, wakakunja nyuso. Bibi mmoja wa safu ya mbele akasema kwa upole, "Rudia, mwanangu." Nikarudia. Ikawa mbaya zaidi.

Ndipo Fokas akanyoosha mkono.

"Mheshimiwa, naomba nisome mimi. Mimi naujua mwandiko wake."

"Endelea."

Fokas akashuka taratibu, akaishika fomu kama anavyoshika daftari la nyimbo, akasoma bila kukwama hata mara moja:

"'Usijali, ndugu yangu. Tuonane Jumapili.'"

"Mstari wa pili?"

"'Usijali, ndugu yangu. Tuonane Jumapili.'"

"Na wa tatu?"

"Yote saba ni hivyo hivyo, mheshimiwa."

Hakuna aliyeshangaa. Mwalimu wa kwaya akapiga uma wa sauti kwenye goti, akatoa noti, na kwaya ikaanza kuimba maneno yale: usijali ndugu yangu, tuonane Jumapili. Sauti ya kwanza, sauti ya pili, tenori. Lilikuwa pambio zuri sana, siwezi kudanganya. Ilipofika zamu ya besi ya pili, Fokas akanitazama, na mimi nikaingia pale pale kizimbani, kwa sababu besi ya pili bila mimi hupwaya. Niliimba mpaka mwisho. Sikukosea hata noti moja.

"Sasa," hakimu akagonga, "kuna nafasi iliyoachwa wazi. Ijazwe."

Sakafu ikafunguka mbele yangu. Lilikuwa shimo refu lililonyooka, limezungukwa na nukta ukingoni, na ubao umechomekwa hapo: SABABU YA JERAHA. Nikapewa beleshi. Kando palikuwa na lundo la maneno yaliyoletwa na lori, na mlinzi akaniambia nichote ninayotaka. Nikachota "aliteleza" nikatupa. Nikachota "mambo ya ndani ya nyumba". Nikachota "shetani alipita", lilikuwa mabeleshi mawili. Yote yalikuwa mepesi, yalishuka kidogo halafu yakarudi juu yakaelea kama maganda ya karanga. Mikono ikaanza kutoa malengelenge, na shimo liko vile vile.

Nilipoinua uso nikamwona Skolastika upande wa pili wa shimo. Alikuwa amesimama amevaa sweta lake la kijani. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umenyooka, hauna hogo wala uvimbe, na mbele yake kwenye stuli palikuwa na kikombe cha chai.

"Mkono umepona?" nikamuuliza ng'ambo ile.

"Kwa karatasi umepona," akasema. "Ila kikombe haukiinui."

Akajaribu, ili nione. Vidole vikagusa kikombe, vikaishia hapo.

"Kaka Tasilo," akasema.

Hakuna aniitaye hivyo tangu nivae koti jeupe. Hata yeye, kituoni, aliniita Daktari.

"Unakumbuka ulipokuwa darasa la saba, mwalimu wetu wa darasa la tatu akaugua, ukawa unakuja kutuandikia ubaoni?"

"Nakumbuka."

"Mimi herufi nilijifunzia kwako. Mpaka leo 'k' yangu ina mkia kama yako. Kwa hiyo ile Alhamisi, nilipoona unavyoandika, nikajua mkono unakuuma. Nikasema moyoni, masikini kaka wa watu, na yeye anaumwa na bado anatuhudumia. Nikajikaza nisilie, nisikuongezee."

Alisema hivyo bila kunilaumu. Angenilaumu ningejitetea, najijua. Lakini alinionea huruma, mtu aliyevunjwa mfupa alinionea huruma mimi mwenye mkono mzima, na nikatamani lile shimo linimeze kabla halijajazwa. Shimo lilikuwa hapo hapo miguuni pangu. Sikuingia. Nilibaki nimeegemea beleshi.

"Nafasi haijajazwa," hakimu akagonga. "Kesi inatupwa."

Mlinzi akaibeba kesi kwa mikono miwili, akaenda nayo dirishani, akaitupa. Tukaisikia ikitua kwenye bati la banda la baiskeli, ikabiringika, ikaanguka kwenye majani. Kwaya ikasema amina. Fokas akafunga daftari na kuanza kumuaga mwalimu wa kwaya.

Skolastika akachukua mfuko wake kwa mkono wa kulia. "Haya, mimi naenda nyumbani," akasema, kama mtu anayetoka sokoni.

Pale nyuma nikasikia kitu kikishuka kwenye benchi. Mvunjiko ulikuwa unamkimbilia kwa miguu yake mifupi, unadondosha vipande vya plasta sakafuni.

"Mama, nisubiri," ukamwita. "Tuongozane. Huko nyumbani hawaulizi karatasi, nitapata nafasi yangu tena."

Naye akausubiri. Akauinamia akaushika mkono, wakatoka wote wawili kwenye mlango wa kanisa. Fokas alikuwa anawafuata nyuma, hana haraka.

Nikapiga kelele kumwita Skolastika. Niliita kwa nguvu zangu zote, na sauti ikatoka kwa ule mwandiko wa siafu, na yeye hakugeuka kwa sababu hakujua kwamba pale ameitwa. Nikaita tena. Nikaita kwa herufi moja moja, kama ubaoni, nikianza na S.

"Baba, wewe! Unamwita mke wa mtu mchana kweupe?"

Ni mke wangu, Yustina, amesimama juu yangu na kitambaa cha kufutia vyombo. Jua lilikuwa bado liko dirishani. Shingo ilikuwa imekakamaa.

"Nimemwita nani?"

"Skolastika. Na umetamka vizuri mpaka jirani amesikia." Alikuwa anacheka, kisha akaniangalia usoni akaacha kucheka. "Una nini?"

Nilitafuta simu chini ya mto, nikampigia Afande Sikitu. Akapokea mlio wa kwanza.

"Nitakuja kesho," nikasema.

"Ahsante, Daktari. Lakini nikuulize tu, ule mwandiko utauweza? Maana tusije tukafika pale ukakwama na wewe."

"Sina haja ya kuusoma, Afande. Nilichoandika nakijua kwa kichwa."

"Ulikuwa unakijua tangu siku ile?"

"Tangu siku ile."

Nikasubiri anitukane, nilikuwa tayari, hata nilitaka. Mwishoni akasema tu, "Saa tatu kamili," akakata.

Yustina alikuwa amesikia yote. Kwaya yetu anaijua, na Fokas anamjua. Akakaa kwenye mkono wa kochi akikunja na kukunjua kile kitambaa, kisha macho yake yakatua begani kwangu.

"Hilo shati umelifanyaje? Asubuhi nimelipiga pasi mwenyewe."

Nikageuza shingo. Kwenye mkono wa kushoto wa shati, chini kidogo ya bega, kulikuwa na doa jeupe la mviringo, kubwa kiasi cha kichwa cha mtoto mdogo anayeegemea. Nikaligusa. Plasta ya hogo naijua, nimeikoroga miaka kumi na moja. Ilikuwa bado mbichi, na kituoni mara ya mwisho niliingia Ijumaa.

"Vua nilifue haraka," Yustina akasema. "Hilo ndilo shati la heshima pekee ulilonalo. Kesho mahakamani utavaa nini, mbele ya watu wote na Fokas?"

"Acha lilivyo," nikamwambia. "Nitavaa hilihili."